Madam wa Ndizi

Jamani, mkimwona binti kasimama stendi ya Tengeru na koti jeupe begani, chane ya ndizi mkono huu na boksi mkono ule, msimwite nesi wala msimwombe dawa ya mgongo. Huyo anasoma uzamili wa sayansi. Nesi ana mshahara.

Konda wa kifodi ashaanza: "Dada, mbona hilo boksi linanuka gongo?" Ni spiriti ya asilimia 95, kaka, bila hiyo leo hakuna kazi. Kazi yenyewe ni kwenda shule ya msingi kuwaonyesha watoto DNA ya ndizi, yaani ile kemikali ya urithi iliyomo ndani ya seli. Kwa nini aende yeye? Kwa sababu mradi ukidai mtu wa kuwahamasisha watoto wa kike, wanaume wote wa maabara hukumbuka kwa mpigo kwamba wana data za kuchakata. Za kwake zinajichakata.

Na kasheshe huanza tangu usiku. Spiriti inatakiwa ilale kwenye friza, maana DNA haiyeyuki ndani yake, na ikiwa ya baridi sana ndiyo DNA hujitenga vizuri. Sasa mama mwenye nyumba akiamka akakuta chupa haijaganda, anajua friza imekufa. Anachomoa waya, anaita fundi. Mama, shikamoo, lakini hiyo haigandi mpaka baridi ipite nyuzi 100 chini ya sifuri! Friza yako ikijitahidi sana inafika 18.

Tufike darasani. Nusu ya ndizi mbivu, iponde kwa uma mpaka iwe uji. Miongozo ya Ulaya inataka mfuko wa zipu. Sisi bakuli linatosha. Maji ya uvuguvugu nusu kikombe, chumvi kijiko kimoja cha chai, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo vijiko viwili vya chai. Sabuni inavunja utando wa seli, ambao umejaa mafuta. Chumvi inasaidia nyuzi za DNA zishikane badala ya kusukumana. Koroga taratibu dakika 5. Taratibu! Wavulana wa dawati la nyuma wanatikisa utadhani wanatafuta siagi: povu linajaa, DNA inakatika vipande, halafu wanalalamika yao haionekani. Chuja kwa kitambaa safi, inamisha glasi, mimina spiriti ubavuni polepole, kiasi sawa na kilichomo. Acha dakika 10, asiguse mtu. Pale vimiminika viwili vinapokutana nyuzi nyeupe zinapanda.

"Madam, kamasi!"

Sawa, kamasi. Na kusema kweli humo mna pektini, ule ute wa tunda, na protini pia, si DNA tupu, ila ukiliambia hilo darasa la watoto tisini utalala hukohuko.

Kila shule haikosi mwalimu wa kushauri spiriti iachwe, itumike Konyagi. Konyagi ina asilimia 35, mwalimu, nyuzi hazitoki. Yeye hata hasikitiki; anauliza tu itakayobaki inakwenda wapi.

Halafu mtoto mmoja, huwa ni binti wa mbele, anauliza nani aligundua umbo la DNA. Haya. Picha maarufu ya eksirei ya DNA ilipigwa mwaka 1952 katika utafiti wa mwanasayansi Rosalind Franklin, na aliyeipiga ni mwanafunzi wa uzamivu, Raymond Gosling. Mwaka 1953 wanasayansi wengine, Watson na Crick, wakatangaza umbo lake, na tuzo ya Nobel ya 1962 wakaichukua pamoja na Wilkins, aliyekuwa chuo kimoja na Franklin. Franklin alishafariki 1958. Gosling je? Mwanafunzi huyo! Nani amkumbuke?

Simu inatetemeka: msimamizi anauliza sura ya tatu ya tasnifu iko wapi. Na mwalimu mkuu yuko mlangoni, anashukuru sana, anaomba wiki ijayo madam arudi kwa la saba B, ila aje na chane mbili, kwa kuwa zile ndizi zilizobaki ofisini walimu wamezinywea chai.