Nge kuzaa ndani kwako sio kwamba umezalisha

Kila ikifika siku ya mama duniani lazima kwenye magrupu ya WhatsApp atokee mtu arushe ile stori ya nge, kwamba akishazaa anawabeba watoto mgongoni, halafu watoto wanaanza kumla taratibu mpaka anakufa, eti ndio upendo wa mama huo, na watu wanajaza makopakopa. Sasa mi nafuga nge, huku Ujerumani, na hiyo stori ni uongo mtupu. Vile vitoto vikiwa mgongoni havili kitu chochote, vinaishi kwa akiba iliyomo tumboni mwao mpaka vijivue gamba mara ya kwanza (gamba la ukweli, sio lile la CCM la 2011). Anayekula mwenzie hapo ni mama mwenyewe. Ukimsumbua, ukafungua fungua kontena kila saa ili uwaonyeshe washkaji, au pakiwa pakavu na maji hakuna, anaokota mtoto mmoja mmoja anatafuna, na hana huzuni yoyote.

Ila ugomvi wangu leo ni na wafugaji wenzangu. Kuna hii tabia ya mtu kwenda kwenye maonyesho ya wanyama, mfano yale makubwa ya mji wa Hamm huku huku Ujerumani, ananunua jike la Pandinus imperator, wale nge wakubwa weusi wa Afrika Magharibi, anamweka kwenye tangi lake, baada ya muda jike linazaa, jamaa anatangaza "nimezalisha". Umezalisha nini bana? Huyo jike kaokotwa porini, Ghana au Togo au Benin, kaja na mimba yake, dume humjui na hujawahi kumwona, wewe kazi yako ilikuwa kumlisha nyenje na kulipa umeme. Na hao watoto wataandikwa "wa kufugwa" kwenye kibandiko cha bei, kitu ambacho kwenye karatasi kinapita kabisa, lakini kila ukitaka watoto wengine unarudi kununua mama mwingine aliyechimbuliwa kwenye shimo lake. Hawa nge wako kwenye orodha ya pili ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, tangu 1995, biashara yao inatakiwa iwe na vibali na mipaka, na haikuwekwa humo kwa kuwapamba.

Hesabu yenyewe inawaumbua. Mimba ya imperator inakwenda miezi 7 mpaka 9, na wapo wanaopitisha mwaka kabisa kwa sababu inategemea joto na chakula. Mayai hayatagwi, kila kitoto kinakulia kwenye kifuko chake ndani ya mama na kinanyonya lishe kupitia kimrija kinachoingia mdomoni. Akizaliwa anahitaji kama miaka 2 au 3 mpaka awe mkubwa wa kupandwa, wengine hata 4. Kwa hiyo mtu anayekwambia kaanza kufuga mwaka juzi na sasa anauza kizazi cha pili, muulize vizuri, atakuwa na majibu ya kuchekesha.

Mi kwangu mfugaji ni yule aliyekuza watoto wakawa wakubwa, akawapandisha na dume la damu nyingine, wakazaa tena. Hapo ndio nakupa heshima zako. Na kupandisha sio kuwatupia tu kwenye tangi moja ukaenda kulala. Kwanza ujue dume na jike, unaangalia tumboni chini kuna vile vitu viwili kama vitana, vya dume ni virefu zaidi. Halafu wakikutana dume anamshika jike magando yote mawili anaanza kumvuta, mbele, nyuma, pembeni, wanazunguka tangi zima, inaweza ikaenda muda mrefu sana, na anachotafuta dume ni sehemu ngumu tu, kwa sababu mbegu zake anazigandisha chini kwenye kijiti kidogo kilichosimama halafu anamvuta jike apite juu yake. Watu wengi wanajaza tangi udongo laini kila kona kisha wanalalamika kwamba nge wao hawapandani. Weka kigae basi, au jiwe bapa, tatizo limeisha.

Halafu tuje kwenye kulea, maana hapa ndipo wengi wanapokimbia. Wanazaliwa weupe pee kama punje za wali, wanene, miguu haina nguvu, na mama anashusha magando chini wanayapanda kama ngazi mpaka mgongoni. Wanaweza kuwa 10, wanaweza kuwa 30. Kama wiki 2 hivi hamna cha kufanya, ondoa mkono, usimulike mulike na tochi, weka maji kwenye kisosi kifupi, basi. Wakishajivua wanaanza kuwa na rangi na kushuka, na hapa imperator ni mnyama wa ajabu kweli, mama anaua nyenje, anamponda ponda, anamwachia pale na vitoto vinajazana juu yake vinakula pamoja. Nge wengi hawana huo utaratibu, ukichelewa kuwatenganisha wanamalizana. Kwa imperator unaweza kuwaacha na mama yao muda mrefu tu ilimradi chakula kipo na nafasi ipo, na mi naona ndivyo inavyotakiwa, yule anayewatoa haraka kila mmoja kwenye kikopo chake ili awapige picha za kuuzia anajipunguzia watoto bure.

Wanaokufa wengi wanafia kwenye kujivua gamba. Nimekaa nikamwangalia mmoja mwanzo mpaka mwisho, alilala ubavu nikajua kafa, kumbe gamba limepasuka pale mbele juu ya mdomo na anajitoa kwa kujisukuma kidogo kidogo, anapumzika, anasukuma tena, magando yanatoka kama mtu anayevua glovu zinazobana, na akishatoka ni laini kabisa, ukimmulika na ile taa ya zambarau (ya UV, inayowafanya nge wang'ae gizani) hang'ai kama wenzie mpaka ngozi ikauke. Hewa ikiwa kavu anakwama katikati, gando moja linabaki ndani, ndio basi. Na nyenje aliyebaki hai kwenye kontena siku hiyo anageuka yeye kuwa mwindaji, atamtafuna nge akiwa laini. Kwa hiyo ukiona mtoto kavimba na kagoma kula, toa wadudu wote.

Huku winter hita inakausha nyumba mpaka midomo inapasuka, sembuse nge wa msituni anayetaka unyevu wa asilimia 75 au 80 na joto la nyuzi 26 mpaka 29. Mkeka wa joto unabandikwa ubavuni mwa tangi, usiuweke chini, kwa sababu nge akisikia joto anachimba aende kwenye ubaridi, sasa kama moto uko huko chini anachimba kuelekea kwenye kikaango. Udongo uwe na kina, unyevu uwe chini na juu pakauke kidogo, la sivyo ukungu. Na udongo wenyewe, jamani, ni makumbi ya nazi yaliyosagwa, yamebanwa kama tofali, nanunua kwa euro. Makumbi! Pale Tanga yanachomwa tu.

Tukiongelea nyumbani, kuna nge wetu mmoja anauzwa sana huku, mweusi mwenye magando mekundu, vitabu vya zamani vinamwita Pandinus cavimanus, na kwenye meza za wauzaji jina la Tanzania limeandikwa kubwa. Ana hasira kuliko imperator, haombi ruhusa. Serikali ilipofunga usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016 nilisikia wafugaji wakilia humu, na mi nikafurahi, samahani zao. Kama mlikuwa mnawazalisha kweli miaka yote hiyo, kufungwa kwa Tanzania kungewauma nini?

Mkiona nimeandika hivi msinitumie tena meseji za "nikuletee nge toka bongo, nyumbani wapo kibao". Sitaki. Na wewe uliyeko huko usianze kuokota wa uani kwako ukawafuga kwenye ndoo, Afrika Mashariki kuna akina Parabuthus na Hottentotta, sumu yao sio ya mchezo kwa mtoto mdogo. Kanuni ya haraka haraka ni mkia mnene na magando membamba kaa mbali, japo hiyo kanuni sio ya kuwekea roho rehani. Brazil wana nge wa manjano, Tityus serrulatus, jike anazaa bila dume kabisa, na amejaa mijini mpaka imekuwa shida ya hospitali, kwa hiyo ukisikia mtu anamfuga chumbani kwa ajili ya sifa, huyo hata chai usiende kunywa kwake.

Watoto nilionao sasa hivi siuzi mpaka wajivue gamba mara ya tatu. Anayemtaka mmoja nitamuuliza kwanza dume atampata wapi, na akisema "tutaona huko mbele" nitampa dume na bei itapanda.