Tumbo Joto la Jumatatu

Saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, orofa ya tatu ya ploti moja mtaani Umoja, mtoto wa Gredi ya Nne ameinamia karai anatapika chai aliyotoka kuinywa. Chini, basi la shule linapiga honi. Mamake ameshika begi mkono huu, sweta mkono ule. Homa hana. Jumamosi alicheza mpira mpaka giza likamkuta uwanjani. Leo ni Jumatatu, na Jumatatu iliyopita ilikuwa vivi hivi.

Ni majirani zangu hawa, na walishapita njia ambayo familia nyingi za Nairobi huipita. Kwanza dawa ya minyoo. Kisha kliniki ya mtaani, damu ikatolewa, wakaambiwa ni taifodi. (Mtaani kwetu sijaona tumbo lililopimwa likakosa taifodi.) Vidonge vikaisha, Jumatatu tumbo likarudi. Ni muuguzi mmoja mtu mzima aliyeuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria: "Na Jumapili jioni, huyu huwa anakula?"

Huwa hali.

Kiswahili kililijua jambo hili kitambo. Mwenye kuhofia jambo lijalo tunasema ana tumbo joto. Magazeti hulitumia neno hilo kwa wanasiasa wanaongoja uamuzi wa mahakama, na hakuna anayeshangaa. Mtoto wa miaka tisa akiwa nalo, tunamtafutia minyoo.

Habari ilipoenea kwamba tumbo lile ni la hofu ya shule, ploti iligawanyika. Mzee wa orofa ya chini alisema watoto wa siku hizi wamedekezwa: wao walitembea pekupeku hadi shuleni, wakachapwa wakichelewa, na matumbo yao hayakuuma. Ukimpa mzee huyo muda na kikombe cha chai, atakusimulia pia nduguye aliyeacha shule darasa la tatu kwa kumwogopa mwalimu. Enzi zile haikuitwa wasiwasi. Iliitwa kukataa shule, na ikaishia hapo.

Hata hivyo mzee ana hoja, na wanaomcheka hawaioni. Mtoto mwenye hofu akiruhusiwa kubaki nyumbani, tumbo hutulia kabla ya saa mbili asubuhi. Nafuu hiyo ndiyo mtego wenyewe. Mwili umejifunza kwamba shule ni hatari na kwamba kukwepa kunaokoa, basi Jumatatu ijayo utapiga kelele zaidi. Ndiyo maana matibabu ya wasiwasi yanayofanya kazi humrudisha mtoto polepole kwenye kile anachokiogopa. Kosa la mzee ni chombo anachopendekeza. Kiboko humwongezea mtoto hofu ya pili juu ya ya kwanza, na shuleni kilipigwa marufuku tangu 2001, ingawa uliza watoto wowote wa Nairobi kama kimekwisha.

Upande wa pili ulikuwa wa kina mama wa ngazini. Kwao, chanzo ni nyumbani. Familia ile inaishi chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, na pazia halizuii sauti. Baba alisimamishwa kazi mwaka jana. Tangu hapo maneno ya kodi na karo huzungumzwa usiku, kwa sauti ya chini ambayo mtoto huisikia vizuri kuliko ya juu. Nilipomuuliza mamake kama kijana anajua kodi ni ya mwezi gani, alicheka kidogo, akasema, "Anajua hata tunadaiwa ngapi."

Hoja hii inavutia na nyingine nzito inaiunga mkono. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliowalinganisha mapacha watu wazima wa Uswidi pamoja na watoto wao, ulionyesha kwamba wasiwasi wa mzazi humfikia mtoto hasa kwa kuishi pamoja, si kwa damu tu. Mtoto anaisoma sura ya mzazi kuliko tunavyodhani.

Lakini ukianza kutafuta mkosaji, hesabu inakataa. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walikusanya tafiti 47 kuhusu malezi na wasiwasi wa watoto. Malezi, kwa wastani wa vipengele vyake vyote, yalieleza asilimia 4 tu ya tofauti iliyopo kati ya mtoto na mtoto. Nne! Zinazobaki ni maumbile aliyozaliwa nayo, shule, marafiki, ajali za maisha. Tena hata hiyo nne haisemi nani alianza, kwa sababu mtoto mwoga humfanya mzazi yeyote amzingire kama kuku na vifaranga. Nyingi za tafiti hizo ni za nchi za Magharibi, ambako kodi haijadiliwi nyuma ya pazia, kwa hiyo siwezi kuihamisha nambari hiyo Umoja ilivyo. Ila inatosha kumpunguzia mama yule mzigo.

Ndani ya kazi hiyo kuna jambo lililonikaa kichwani. Kipengele kimoja cha malezi, kikipimwa peke yake, kilifika asilimia 18: kumwachia mtoto nafasi ya kujifanyia mambo mwenyewe. Hapo ndipo Nairobi inapotutega. Mtoto wa Lavington, mtaa wa wenye nazo, hupandishwa gari langoni na kushushwa langoni. Hajawahi kununua maziwa peke yake. Wa Mukuru, mtaa wa mabanda, hutumwa dukani tangu ana miaka mitano, anavuka mitaro, anajua muuza mandazi kwa jina. Kwa kipimo hicho wa Mukuru ndiye mwenye bahati, mpaka ukumbuke mafuriko ya 2024, nyumba zilizobomolewa baadaye na vitu ambavyo mtoto yule ameviona kwa macho yake. Nasi wa katikati, tunaoishi kando ya Outering Road, tunamwambia mtoto asiende mbali kwa sababu magari kweli hayasimami. Hofu ya mzazi wa Nairobi mara nyingi ni ya haki. Tatizo ni kwamba mtoto hawezi kuipima, anaipokea nzima.

Na shule je? Kanuni za elimu za mwaka 2015 zinasema masomo ya kutwa yaanze saa mbili asubuhi. Basi linalopiga honi saa kumi na moja na dakika ishirini halijazisoma. KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliofanywa kwa mara ya mwisho 2023, tuliambiwa imeondoka na presha yake, lakini mtoto huyu amepewa mtihani wa majaribio kila baada ya wiki mbili, na majina hubandikwa ukutani kwa kufuatana na alama. Siku ya kubandikwa? Jumatatu.

Ninapowasikiliza wote, naona wanabishania swali moja lisilomsaidia mtoto: nani kamwanzishia? Mzazi anaweza kuwa dawa bila kuwa chanzo. Chuo Kikuu cha Yale kiliwahi kugawa watoto 124 wenye wasiwasi mafungu mawili. Fungu moja walitibiwa wenyewe. La pili hawakutibiwa kabisa. Wazazi wao ndio waliofundishwa, kwa wiki 12, kuacha kuipisha hofu na badala yake kumwonyesha mtoto kwamba wanaielewa na kwamba ataiweza. Matokeo yaliyotolewa 2020 yalikuwa sawa kwa mafungu yote mawili.

Kwetu hilo lina uzito wa pekee. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta vijana 44 kati ya 100 wa miaka 10 hadi 17 wakiwa na tatizo fulani la afya ya akili, na 12 wakifikia kiwango cha ugonjwa. Hatuna wataalamu wa watoto wa kuwatosha, na kikao kimoja cha faragha hula pesa ya unga wa mwezi. Simu ya 116, ya msaada kwa watoto, ni ya bure na ina watu wanaosikiliza, lakini haiwezi kusimama ngazini alfajiri.

Mama yule ameanza kusimama. Halii tena wala haombi mtoto ale. Husema, "Najua tumbo linauma. Na basi limefika." Wiki ya kwanza alimshusha hadi langoni. Ya pili alibaki orofa ya pili. Ya nne alibaki mlangoni pake, nami nikamsikia kijana akishuka mwenyewe, taratibu, akihesabu ngazi kwa sauti.

Wiki ya tano alirudishwa nyumbani kwa deni la karo. Alikaa siku sita, akala vizuri hata Jumapili jioni. Deni lilipolipwa nusu, Jumatatu ikafika, karai likatolewa tena chini ya kitanda, na mamake akamshika mkono wakaanza kushuka pamoja.