Aliyeacha dawa za akili aulizwe kwanza zilimfanya nini

Jumapili kikao cha ukoo kilikaa Igoma, Mwanza, kikaamua kwamba mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ni mkaidi. Kosa lake ni kuacha dawa za baipola, ugonjwa wa akili unaompandisha mtu kupita kiasi na wakati mwingine kumshusha. Mjomba alisema, "Tunampa nauli ya kliniki kila mwezi, yeye anatupa vidonge chooni." Wazee wakaitikia. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza vidonge vile vilimfanya nini. Nimekasirika tangu siku hiyo.

Ni kweli dawa zilimsaidia. Ugonjwa ulipompanda alikuwa halali, anaongea mfululizo, ameuza nyavu na taa za dagaa kwa bei ya kutupa, anasema anakwenda kununua meli. Dawa aliyopewa, haloperidoli, ilimtuliza. Hilo silipingi, wala simwambii mtu aache dawa ghafla, maana ugonjwa hurudi, na ukirudi unaweza kuwa mkali kuliko mwanzo.

Lakini siku chache tu baada ya kuanza dawa, shingo yake ilipinda upande, macho yakageukia juu yakakwama, ulimi ukatoka nje, mate yanamtiririka. Akili yake ilikuwa timamu, anatusikia, anatutazama kwa hofu. Nyumba nzima ikasema ni jini. Wakakesha wakimwombea, na kulipokucha akatajwa mganga ng'ambo ya Kamanga. Aliyemwokoa ni nesi jirani aliyepita kusalimia akauliza, "Anakunywa dawa gani huyu?" Zahanati wakamchoma sindano ya promethazini, na haukupita muda mrefu shingo ikalegea.

Hali hii si muujiza. Haloperidoli huzuia dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kwenye ubongo, na dopamini hiyohiyo ndiyo inayosaidia kuongoza misuli. Kukakamaa hutokea zaidi siku za mwanzo, na vijana wa kiume ndio hupatwa zaidi. Dawa hii ilitengenezwa Ubelgiji mwaka 1958. Si ngeni kwa mtu yeyote anayeitoa. Na dawa ya kukabiliana na hali hiyo, benzheksoli, ipo. Wakati wa kumpa dawa ingetosha kusema hivi: "Shingo ikipinda au macho yakikwama, ni dawa, si jini, mleteni haraka." Hakuna aliyesema. Ukimya huo nusura umfikishe kijana wa watu kwa mganga, kuchanjwa chale kwa ajili ya kitu kinachotibika kwa sindano!

Lililofuata lilikuwa baya zaidi, kwa sababu kwa nje lilifanana na ugonjwa wenyewe. Hakuweza kukaa. Alizunguka uani usiku kucha. Ukimkalisha, miguu inachezacheza, anasema kuna kitu ndani kinamsukuma. Madaktari wanaita akathisia. Ndugu wakaripoti kliniki kwamba wazimu umerudi, na dozi ikaongezwa. Mtu anateswa na dawa, analalamika, anaongezewa ileile! Pengine ilitakiwa ipunguzwe, au abadilishiwe, au apewe propranololi, inayojulikana zaidi kama dawa ya presha. Hakuna aliyefika huko, kwa sababu hakuna aliyemuuliza yeye. Alipovitupa vidonge, alikuwa anatafuta pumziko. Ningekuwa yeye, sijui kama ningevumilia muda wote ule.

Halafu kuna kazi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, mwezi usipowaka. Huyu ni mvuvi, na ameambiwa anywe kidonge cha kusinzisha kabla ya kulala, usiku. Akikinywa atasinzia mtumbwini katikati ya ziwa. Asipokinywa, anakesha bila dawa, na kukesha peke yake kunaweza kumpandisha mtu wa baipola. Kumbe angeulizwa tu anafanya kazi gani, ukoo ungejua mapema kwamba anahitaji kazi ya mchana pale mwaloni Kirumba.

Wanawake wana mateso yao. Olanzapini, dawa nyingine ya akili, huleta njaa isiyoshiba. Mtaani wanamsifu dada amenawiri, na sukari yake hakuna anayeipima. Risperidoni, nayo dawa ya akili, inaweza kukatisha hedhi na kutoa maziwa kwenye matiti ya asiye na mimba. Namfahamu binti aliyebanwa na mama yake amtaje mwanaume. Alilia wiki nzima, kisha akaacha dawa kimyakimya. Klopromazini, dawa nyingine ya akili, nayo hufanya ngozi iungue juani upesi. Wafikirie akina mama wanaoanika dagaa mchana kutwa.

Najua kliniki zimejaa na wahudumu ni wachache. Sawa. Lakini wapo wanaosema mgonjwa akiambiwa madhara ataogopa dawa, na hapo siwaelewi kabisa. Mgonjwa aliyeambiwa, likimpata, hurudi kliniki. Asiyeambiwa hukimbilia popote.

Ndugu zangu mnaouguza, msiondoke dirisha la dawa bila kuuliza dawa hii inaweza kufanya nini, ni dalili zipi za kuwahi hospitali, na nani wa kumpigia. Mwili ukikakamaa, nendeni na kasha la dawa mkononi. Homa kali ikiungana na mwili kuwa mgumu na kuchanganyikiwa, msisubiri kukuche, kwa kuwa hiyo huua. Na mwacheni mgonjwa aongee mwenyewe mbele ya daktari, hata kama anaongea polepole.