Rasimu ichorwe chafu kiasi gani?

Ukichungulia meza ya mchoraji wa katuni za mkono anapoanza tukio jipya, utadhani karatasi imechezewa na mtoto. Kichwa ni duara lisilofunga, mgongo ni upinde mmoja uliopitiwa penseli mara sita, mikono ni vijiti, macho hayapo kabisa. Hiyo ndiyo michoro mikuu, ile inayobeba tendo lenyewe: mhusika anainama, anakaza misuli, anasimama. Michoro ya kati itajazwa baadaye, mara nyingi na mtu mwingine. Na hapo ndipo mabishano yanapoanzia. Wapo wanaoamini kuwa mchoro mkuu ukitoka nadhifu tangu mwanzo ujue umeshakufa. Wapo wanaosema uchafu huo ni deni analoachiwa mwenzako alipe.

Nianze na hesabu. Sekunde 1 ya filamu ina fremu 24, na kwa kawaida kila mchoro hushikiliwa kwa fremu 2, kwa hiyo sekunde moja inakula michoro 12. Pande la sekunde 5 ni michoro 60. Kati ya hiyo 60, mikuu inaweza kuwa sita au saba tu. Zile hamsini na ushee zote zinafuata walichosema hawa sita. Kosa likiingia hapa halisahihishwi na unadhifu wa baadaye.

Wanaotetea rasimu chafu wanaanzia hapo hapo. Mchukue mhusika anayenyanyua ndoo iliyojaa maji. Ukichora haraka, kitu cha kwanza kutua karatasini ni uzito: nyonga zinatangulia kwenda nyuma, bega la upande wa ndoo linashuka, mkono wa pili unarushwa mbali ili mwili usianguke. Mistari minane, dakika mbili. Haijakaa sawa? Unaweka karatasi nyingine juu yake kwenye meza ya mwanga, ile yenye taa chini ya kioo ili mchoro wa chini uonekane, unajaribu tena nyonga zikiwa chini zaidi. Sasa mchukue yule aliyeanza na vifungo vya shati, kucha na mikunjo ya kitambaa. Saa moja imekwenda. Anaona kabisa kwamba ndoo inaonekana tupu, lakini mkono unasita kuitupa kazi iliyomgharimu kiasi hicho. Atahamisha kiwiko kidogo, aongeze jasho usoni, aendelee. Ndoo itabaki tupu mpaka filamu inakwisha.

Hoja hii ina historia nyuma yake. Katika studio ya Walt Disney miaka ya 1930, rasimu za penseli zilianza kupigwa picha na kutazamwa zikitembea kabla hazijasafishwa, yaani kuchorwa upya kwa mstari mmoja nadhifu, na hilo likawapa wachoraji ruhusa ya kukosea mapema. Norm Ferguson, aliyechora tukio la mbwa Pluto kunaswa na karatasi ya gundi mwaka 1934, alijulikana kwa michoro michafu mno. Alichokuwa akikiwinda ni mbwa anayewaza, na mbwa huyo alionekana akiwaza.

Lakini Ferguson alikuwa na wasaidizi wa kumsafishia. Hapa ndipo upande wa pili unaponishika, kwa sababu waimba sifa za rasimu chafu kwa kawaida ni wale wasioisafisha.

Kaa kwenye kiti cha msaidizi. Umepewa mchoro ambao taya lake lina mistari mitano. Ipi ndiyo taya? Unachagua ya nje. Kwenye mchoro mkuu unaofuata, aliyeusafisha ni jirani yako, naye amechagua ya ndani. Kila mmoja karatasi yake ni nzuri kuitazama. Ziweke kwenye mwendo, uso unavimba na kusinyaa kama unga unaoumuka, na hakuna aliyekosea isipokuwa yule aliyewaacha wakisie. Mchora michoro ya kati naye hana la kufanya: hawezi kutafuta nusu ya njia kati ya mistari mitano na mistari mitano.

Japani tatizo hili limeugawa mpaka mfumo wa kazi. Mchoraji wa kwanza hutoa rasimu ya mwendo, mkuu wa uchoraji huirekebisha, kisha mchoraji wa pili huigeuza kuwa mchoro mkuu safi. Kazi inakwenda kwa kasi. Ila anayeshika mstari wa mwisho siye aliyeuwaza mwendo, na anachokipoteza njiani hakijui.

Wengine hujitetea kwamba mstari mchafu una uhai wake, uachwe uonekane. Studio ya Disney ilipoanza kunakili mistari ya penseli moja kwa moja kwa mashine kwenye zile karatasi angavu za plastiki zinazopigwa picha, badala ya kuipitia upya kwa wino wa mkono, filamu yao ya mwaka 1961 kuhusu mbwa 101 wenye madoa ilitoka na mistari inayokwaruza. Wachoraji kama Milt Kahl walifurahi kuona kazi yao yenyewe kwenye skrini. Walt mwenyewe hakuupenda mwonekano huo. Binafsi naupenda. Lakini huo ni ukwaruzo wa mkono uliokwisha kuamua. Haufanani na ule wa mkono unaotafuta, na kuuchanganya na uvivu ni kujidanganya.

Kwa hiyo mimi nasimama na rasimu chafu, kwa sharti gumu. Mstari uwe mchafu utakavyo, maamuzi yasiwe hivyo. Mstari wa katikati ya uso uwepo, ukubwa wa kichwa ulinganishwe na mchoro uliotangulia, nyayo zikanyage mahali pamoja. Pembeni mwa karatasi kuwe na ile ngazi ndogo ya mapigo inayoonyesha michoro ya kati inakaa wapi, imesogezwa karibu na mwanzo au karibu na mwisho. Na taya likiwa na mistari mitano, mmoja ukolezwe kwa penseli ya rangi nyingine. Ni kazi ya sekunde tatu.

Hata hivyo kuna mahali sharti langu halitoshi. Mtu anayekimbia uwanjani, mwili mzima ukionekana, anavumilia uchafu karibu wowote. Uso uliojaza skrini, ukisikiliza habari usiyotaka kuisikia, hauvumilii. Pale kope ikishuka kwa unene wa risasi ya penseli, huzuni imegeuka usingizi. Mchoro wa aina hiyo naumaliza mwenyewe, kope na vyote, kabla haujatoka mezani kwangu.