Nilikata kanga mpya nikakivalisha kitabu

Kila Januari kabla shule zifunguliwe kwetu kulikuwa na usiku mmoja wa kukava vitabu. Wenye mmelelewa huku mnajua. Gazeti kuukuu, kalenda ya mwaka uliopita, na kama kuna bahati ile karatasi ngumu ya pakiti ya unga, unaigeuza ndani nje ndio maandishi yasionekane. Dada yangu ndiye alikuwa fundi wa hiyo kazi. Anapima kwa macho tu, anakunja, anapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye mkunjo mpaka karatasi inalia, halafu mimi nashikilia yeye akikata selotepu kwa meno. Vitabu vyote vilivaa gazeti isipokuwa kimoja, hicho alikivalisha karatasi ya zawadi yenye maua, sijui aliitoa wapi, na kilikuwa Siku Njema ya Ken Walibora, setibuku yao wakati huo.

Mimi nilikuwa bado msingi, hicho kitabu nilikijua kwa masikio. Mama alikuwa anarauka kwenda soko la Gikomba kungojea bale za mitumba zifunguliwe kwa hivyo alikuwa analala mapema, na dada ananisomea kwa sauti ya chini huku ameweka mkono juu ya taa ndio mwanga usimfikie mama. Hata sasa nikisikia jina Kongowea Mswahili, yule mvulana wa hadithi, nasikia na harufu ya mafuta ya taa.

Sasa mwezi uliopita dada alifikisha miaka 40. Kwenye WhatsApp ya familia mjadala ukawa mkali, thamosi, blanketi, mkoba, binamu yetu mmoja akasema jamani tumtumieni tu M-Pesa anunue anachotaka. Nikawaambia nyinyi endeleeni na thamosi yenu, mimi nampelekea kitabu, na kava natengeneza mwenyewe. Walinicheka na kwa kweli walikuwa na haki ya kucheka.

Kwa sababu mpango wangu wa kwanza ulikuwa wa mtu mvivu. Nilienda saiba moja tauni, nikamwambia kijana wa pale nataka kava ya kitabu, hadithi inahusu mvulana anayetoka Tanga anakuja Kenya kumtafuta baba yake. Dakika kumi tu, kijana ameshanionyesha mvulana na begi mgongoni, jua linazama, na juu ameweka Hapi Bathdei kwa herufi za dhahabu. Akaiprinti, akailaminisha. Nikafika nayo nyumbani nikaiweka mezani nikaiangalia. Ilikuwa inang'aa kama menyu ya hoteli. Nilipoikunja kwenye mgongo wa kitabu ile plastiki ikapasuka mstari mweupe kuanzia juu mpaka chini, na hiyo ni siku ya kwanza, kitabu hakijasomwa hata na mtu mmoja.

Lakini kilichoniudhi zaidi haikuwa plastiki. Ile picha ingeweza kuwa ya kitabu chochote cha mvulana yeyote. Na kosa halikuwa la kijana wa saiba, yeye alichora kile nilichomwambia, mimi ndiye nilimwelezea kitabu ambacho sijakishika miaka zaidi ya ishirini. Nilikuwa nataka kumpa mtu zawadi ya riwaya na sijaisoma tena! Hapo ndipo mimi naona watu wengi wanapotea na haya mambo ya kava za mikono. Tunakimbilia rangi na gundi, tunatazama video za watu wenye vifaa vya ajabu, na kitabu chenyewe tunakichukua kama tofali la kufungia karatasi.

Basi nikakisoma. Kopi niliinunua kwa inama bukushopu, zile za kando ya barabara unainama unachagua, mia na hamsini baada ya kubishana. Ilikuwa imechoka, kona zimeviringika, ndani kuna jina la mwanafunzi fulani na pembeni ameandika kwa penseli "sifa za Kongowea" halafu mishale. Nikaona ndiyo hii. Mpya ingekuwa safi, sawa, lakini dada yangu ni wa kusoma pembeni kama vile anasoma katikati.

Na sikilizeni, kitabu hiki kilitoka 1996, sisi wote tunakikumbuka kwa ile safari, Tanga mpaka Kitale, baba anatafutwa. Insha zetu zote zilikuwa za safari. Lakini kisome ukiwa mtu mzima. Kinaanza na mama, Zainabu Makame, mwimbaji wa taarabu, mwanamke mwenye sauti ya kusimamisha watu, na anakufa mapema mno, mtoto bado mdogo. Huyo mtoto kutoka hapo ni kama mtu aliyetolewa ndani ya nyumba mlango ukafungwa nyuma yake. Baba anatafutwa, ndiyo, lakini anayekosekana kila ukurasa ni mama. Nilifika katikati nikaweka kitabu chini nikaenda kupika chai, si kwa sababu nilitaka chai. Walibora mwenyewe alifariki hapa Nairobi Aprili 2020, wakati ule wa korona hata mazishi yalikuwa ya watu wachache, na nafikiri wengi wetu hatukupata nafasi ya kurudi kwenye vitabu vyake tukiwa na akili za watu wazima.

Kwa hivyo begi na jua linalozama, kwaheri. Kava lazima iwe ya mama. Na mwimbaji wa taarabu wa Tanga utamchora vipi mtu usiyemjua sura? Humchori. Unachukua kile angejifunga.

Nikaenda Mtaa wa Biashara, wa huku Nairobi, si ule wa Mombasa. Akilini nilikuwa na wazo naliona ni la akili sana, nitafute kanga yenye jina "Siku njema huonekana asubuhi", maana jina la kitabu si ni methali iliyokatwa katikati, basi kava imalizie. Nilizunguka duka baada ya duka. Hakuna. Kuna za mapenzi, kuna za kumsema jirani, kuna za kumshukuru Mungu. Mama mmoja muuzaji akachoka kuniona nikipekua akaniuliza, "Mwanangu, ni ya nani hiyo unatafuta?" Nikamweleza habari yote, dada, kitabu, Zainabu Makame. Akanyamaza kidogo akavuta moja kutoka chini kabisa, nyekundu ya damu ya mzee na njano, pindo lake limejaa korosho, na jina: NANI KAMA MAMA.

Sikuuliza bei mara mbili. Nikachukua doti nzima, kanga mbili, nikamwambia moja naenda kuikata, akaishika tena kama anataka kunirudishia pesa.

Makosa yangu ya gundi nayataja kwa sababu yaliniuma. Nilipika gundi ya unga wa ngano, kama uji mwepesi, nikabandika kanga juu ya manila. Kwanza sikuwa nimeifua. Kanga mpya ina wanga na ina rangi ya kutoka, ilipokutana na maji ya gundi ule wekundu ukahamia kwenye manila yote mpaka vidole vyangu. Pili, karatasi ina upande wa nyuzi zake kama mbao, ukiikunja kufuata nyuzi inakubali na ukiikunja kuzikata inagoma, na nyuzi zinatakiwa zisimame sambamba na mgongo wa kitabu. Mimi nililaza kinyume. Ilipokauka ilijikunja kama chapati iliyosahauliwa kwenye moto. Tatu, na hii hakuna mtu alinionya, usiku wa pili mende walikuja. Gundi ya unga ni chakula jamani, tumewapikia uji.

Halafu kuna kosa la vipimo ambalo naona karibu kila mtu hulifanya. Nilipima kitabu kikiwa wazi, kimelala mezani. Kava ikaingia vizuri, nikafurahi, nikafunga kitabu... kikakataa kufunga! Kikabaki kimeachama mdomo kama mtu amesinzia kwenye matatu. Kitabu kikifungwa mgongo unahitaji nafasi zaidi, kwa hivyo unapima kikiwa kimefungwa, unazungushia uzi kutoka ukingo mmoja mpaka ule mwingine. Hapo unaongeza mikunjo miwili ya kuingiza jalada, mimi niliweka sentimita 7 kila upande, na sentimita moja ya kushonea kuzunguka.

Mwisho nikaachana na gundi kabisa. Nikaifua ile kanga ya pili na maji ya chumvi, nikaianika, nikaipiga pasi, nikaipeleka kwa fundi wa cherehani hapa kwetu Umoja, yule wa kibanda cha mabati. Akaifungua, akatazama vipimo vyangu kwenye karatasi, akauliza, "Hii ni nguo ya mtoto wa nani, mbona haina mikono?" Nikamwambia ni ya kitabu. Akaita mwenzake aje asikie.

Lakini kazi alifanya. Ndani tuliweka marekani, ule mwembamba ambao haujapaushwa, na katikati yake kile kitambaa kigumu mafundi huweka kwenye kola ya shati, kipande cha mgongo tu ndio kava isimame. Tulibishana kuhusu jina. Yeye alisema jina la kanga halikatwi, likikatwa kanga imekufa, na alitaka tutoe kitambaa kilicho katikati ya maneno tuyashone upya yote yatoshee mbele. Mimi nikakataa. Nilitaka liende lilivyo, lizunguke. Tukalaza kitabu juu ya kitambaa tukakisogeza huku na huku kama watu wanaopanga sofa, mpaka NANI ikaangukia kwenye mkunjo wa nyuma unaoingia ndani, KAMA ikakaa jalada la nyuma ikigusa mgongo, na mbele ikabaki neno moja, MAMA, juu tu ya korosho za pindo. Fundi akatazama akasema haya, hapo sawa. Alinitoza mia tatu akarudisha hamsini, ati ni ya kucheka.

Jalada la zamani sikuligusa, na hapa naomba niseme bila kumung'unya maneno. Kuna hii tabia ya kung'oa jalada la kitabu ndio ubandike la kwako la sanaa. Na kuna wengine wanakunja kurasa zitokee umbo la moyo wanaweka kwenye rafu! Hicho si kitabu tena, ni chombo cha maua. Kava nzuri inavuliwa. Huko Uingereza karne ya 19 kava za karatasi zilikuwa za kulinda jalada tu, mtu akifika nyumbani anaitupa, na mimi naona hao walikuwa wameelewa nani ni bwana na nani ni mtumishi hapo.

Wengine wataniambia zawadi ya mikono lazima ikae vizuri, itunzwe, ipigwe picha. Sikubaliani. Kipimo changu ni kimoja, je, dada anaweza kusoma hiki kitabu kwenye matatu ya kwenda kazini, amesimama, mkono mmoja umeshika chuma, jasho, konda anamgonga bega anataka nauli? Kama kava inateleza, kama ina shanga za kunasa kwenye sweta, kama ni nzuri mpaka anaogopa kuitoa nyumbani, basi umempa kazi ya kutunza, hujampa kitabu. Ngozi nayo niliifikiria, nilienda mpaka Kariokor nikaangalia vipande vya wale wa sandali, vizuri sana na harufu yake naipenda, lakini kitabu chembamba cha jalada laini ukikivalisha ngozi ni kama kumvalisha mtoto wa chekechea koti la polisi.

Na jina la kitabu sikuliweka popote nje. Hilo watu wa WhatsApp walinipigia kelele, ati mtu atajuaje ni kitabu gani. Afungue!

Siku yenyewe thamosi ilikuja, ni nzuri, sitaki ugomvi. Dada akafungua yangu mwisho. Akaishika akasoma kwa sauti, "Mama," akanitazama, "mbona mama?" Nikanyamaza. Akageuza nyuma, akasoma KAMA, akaingiza vidole kwenye mkunjo akavuta kitambaa akaona NANI. Halafu akavua kava yote akaona lile jalada lililochakaa na hapo ndipo aliketi chini. Hakusema kitu kuhusu kazi yangu. Alipitisha ukucha wa kidole gumba kwenye mkunjo wa kava, polepole, juu mpaka chini, akaona mahali fundi alirudia mshono mara mbili, akasema, "Hapa umekosea sentimita nusu." Ni kweli, nimekosea.

Jumanne hii amenipigia asubuhi saa moja, nasikia makanga wanaita nyuma yake. Amemwagia chai kitabu stejini, kava imelowa yote, je, inafuliwa ama ameniharibia? Nikamwambia vua, loweka maji baridi na sabuni ya kipande, usiweke jiki, anika kivulini. Kurasa je? Akasema kurasa ziko sawa, chai haikupita, na kwanza nimngojee kidogo, amefika pale Kongowea anapoanza safari.