Kinga ya malaria si ya wazungu peke yao

Mtu wa Arusha akipata kazi ya miezi mitatu Sudan Kusini au ndani kabisa ya Kongo, watu humuuliza posho, viza na habari za waasi. Ni nadra aulizwe anameza nini kuzuia malaria. Swali hilo tumewaachia watalii wanaoshuka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, na vidonge vyao mkobani. Kwangu mimi hilo ndilo pengo kubwa kuliko yote katika maandalizi yetu, na safari hizi zimeongezeka tangu Sudan Kusini ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016 na Kongo mwaka 2022. Wanaondoka madereva, mafundi, wainjilisti na watumishi wa mashirika, wengi wao wakiamini kwamba Mwafrika ameshazoea malaria.

Mwili hauzoei hivyo. Kinga aliyonayo mtu mzima wa Geita au Kigoma imejengwa kwa kuambukizwa tena na tena tangu utotoni, nayo hufifia akikaa miaka kadhaa bila kuambukizwa. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mikoa ya Arusha na Kilimanjaro ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo kabisa nchini. Kijana aliyekulia Machame akienda kulala Bor au Kisangani ni mgeni kwa vimelea vile sawasawa na Mjerumani. Hata mzaliwa wa Geita aliyehamia Njiro, hapa Arusha, zamani asijidanganye.

Basi ameze kinga, na aanze kwa wakati. Doksisaikilini ndiyo nafuu zaidi: miligramu 100 kila siku, kuanzia siku 1 au 2 kabla ya kuondoka hadi siku 28 baada ya kutoka eneo lenye malaria. Meza baada ya kula, kwa glasi kubwa ya maji, na usilale kwa angalau nusu saa, kwa sababu kidonge kikinasa kwenye koo la chakula kinachoma hadi kuleta kidonda. Usikimeze pamoja na dawa ya kiungulia au vidonge vya kuongeza damu. Madini yaliyomo huzuia dawa isifyonzwe. Ngozi nayo huungua upesi juani, hivyo beba kofia na mikono mirefu. Mjamzito na mtoto aliye chini ya miaka 8 hawapewi. Atovakwoni-proguanili ni ghali, lakini baada ya kurudi unaendelea siku 7 tu. Meflokwini humezwa mara moja kwa wiki, kuanzia wiki 2 au 3 kabla; aliyewahi kuugua sonona au kifafa asiiguse.

Wengi huanguka kwenye zile siku 28. Mtu anafika nyumbani, anajiona mzima, anatupa vidonge vilivyobaki. Doksisaikilini haiui vimelea vilivyojificha kwenye ini. Inavisubiri vitoke kuingia kwenye damu. Ukiacha mapema, vinatoka bila kukuta kizuizi.

Kuna pia tabia ya kumeza dawa mseto (ALU, ile ya kutibu malaria) dozi moja "ya kujikinga" kabla ya kupanda basi. Haikingi. Artemetha iliyomo hutoka mwilini ndani ya saa chache. SP nayo, ile wanayopewa wajawazito kliniki, si kinga ya msafiri.

Dawa mseto ibebe, ila kwa kazi yake ya kutibu: vidonge 24 kwa mtu mzima, 4 kwa mara moja. Dozi ya pili ni saa 8 baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku 2. Imeze na kitu chenye mafuta, maziwa au karanga, la sivyo lumefantrini, dawa ya pili iliyo ndani ya mseto, haifyonzwi vizuri. Ukitapika ndani ya nusu saa, rudia dozi. Beba na vipimo vya haraka vya malaria, na usiviache ndani ya gari: joto la kiangazi cha Sudan Kusini linaviharibu, navyo vitakuonyesha huna malaria ilhali unayo. Kipimo hicho kinaweza kubaki chanya wiki kadhaa baada ya kupona, kwa hiyo hakifai kuthibitisha kwamba dawa imefanya kazi. Mgonjwa akianza kuchanganyikiwa, kupata degedege au kutapika kila kitu, vidonge havimfai tena. Anahitaji sindano ya artesuneti, na anahitaji kufikishwa inakopatikana.

Chanjo nitazipitia upesi. Ile ya homa ya manjano inahesabika halali siku 10 baada ya kuchomwa, na tangu Julai 2016 kadi yake ni ya maisha yote. Piga simu kabla ya kwenda. Chupa moja hutosha watu kadhaa na ikifunguliwa inatupwa baada ya saa 6, hivyo vituo vingi hukusanya watu kwa siku maalumu. Kadi ya kununua bila kuchanjwa inaweza kukupitisha mpakani Namanga, ila haitakusaidia kitu ukiumwa. Ongeza taifodi, na uti wa mgongo kwa anayekwenda Sudan Kusini au Chad. Ya kichaa cha mbwa nayo ifikirie kwa dhati, maana ukiumwa na mbwa kijijini bila kuchanjwa kabla utahitaji pia kingamwili ya sindano, na huko mbali haipatikani kirahisi. Kidonda chenyewe kioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili.

Bima ya kusafirishwa kwa ndege iulizwe maswali makali: inafika nchi ile? Nani anaidhinisha? Kiwanja kilicho karibu na kambi yako kina taa? Kama hakina, ndege haitatua usiku, na aliyeumia saa 1 jioni atasubiri mapambazuko mikononi mwa wenzake. Ndiyo maana glavu, bandeji pana na mtu mmoja anayejua kukandamiza jeraha ni sehemu ya mzigo.

Ukirudi, homa yoyote ndani ya miezi 3 ipimwe siku hiyo hiyo, hata kama ulimeza kinga yote. Kama umetoka Kongo wakati kuna mlipuko wa ebola, piga simu kituoni kabla ya kwenda, maana dalili za mwanzo zinafanana. Na mapokezi taja nchi uliyotoka na tarehe uliyorudi kabla hujaulizwa, kwa kuwa daktari anayekutana na malaria mara chache anaweza kuanza na kipimo cha taifodi na cha mkojo.