Ufukwe Uchaguliwe kwa Usiku Wake

Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwishoni mwa Julai 2024, bahari imetusogelea sisi wa Dodoma. Safari iliyokuwa inameza siku nzima kwa basi, ukijumlisha foleni ya Kibaha na Mbezi, siku hizi haifiki hata nusu ya siku. Ndiyo maana ukikaa na watu mitaa ya Kisasa, Ilazo au mnadani Msalato siku ya Jumamosi, lazima usikie mtu anapanga wikiendi ya baharini. Na wengi hawazungumzii hoteli tena. Vijana wananunua mahema, familia zinakodi, watu wa ofisi moja wanachangishana. Nafurahi kwa moyo wote, kwa sababu kulala kwenye hema ufukweni ni mapumziko ambayo mtumishi wa mshahara wa kawaida anaweza kuyalipia bila kukopa.

Ninachokipinga ni jinsi tunavyochagua pa kulala. Mtu anatumiwa picha kwenye simu: mchanga mweupe, maji ya buluu, mnazi umeinamia baharini. Picha imepigwa saa saba mchana. Anauliza bei, anatuma pesa, mpango umekwisha. Lakini saa saba mchana wewe utakuwa ndani ya maji, au umekaa chini ya mti wowote na sahani ya samaki. Hema ni la usiku. Kwa hiyo maswali yanayostahili kuulizwa ni ya usiku: upepo unapita? Maji yanafika wapi alfajiri? Mtoto akitaka choo saa nane za usiku, anatembea hatua ngapi gizani? Nani yuko macho akilinda?

Nianze na upepo, maana hapo ndipo sisi wa bara tunapotoka kapa. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni kavu. Jua litawaka mchana kutwa, lakini usiku utavuta shuka. Pwani haiko hivyo. Unyevu unashikilia joto, na Januari au Februari usiku wa Dar es Salaam unaweza kukesha kwenye nyuzi 25 au zaidi. Watu watatu kwenye hema la nailoni, hakuna upepo, mbu wako nje wanasubiri mfungue zipu: hapo hakuna anayelala. Kambi iliyojificha nyuma ya mikoko itakuwa na mbu na usubi, hata mandhari yake yawe mazuri namna gani. Kambi iliyozungushiwa ukuta mrefu wa tofali upande wa bahari imeuziba ule upepo uliousafiria.

Ukuta huo una ubaya mwingine. Wimbi likigonga zege linarudi kwa nguvu na kuondoka na mchanga, na mwaka baada ya mwaka ufukwe unaliwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Mimi nikiona baa ya zege imejengwa hadi mawimbi yanapoishia, sipeleki pesa yangu pale.

Msimu nao uchague. Wengi wetu tunakwenda Desemba kwa sababu watoto wamefunga shule, na Desemba ndipo joto linapanda, fukwe zinajaa na bei zinapaa. Ukiniuliza mimi, nitakwambia nenda kati ya Julai na Septemba. Kusi, upepo utokao kusini, linavuma, mvua za masika zimekwisha, usiku unalalika. Bahari huwa na mawimbi zaidi kipindi hicho na maji si maangavu kama wakati wa kaskazi, upepo utokao kaskazini, lakini nakubali kuoga kwenye maji yenye vurugu kidogo ili nilale vizuri.

Sasa maji. Hili ningependa kila mtu wa Dodoma alijue kabla hajakata tiketi, kwa sababu bwawa letu la Hombolo halipwi wala kujaa kila siku, na mtu aliyezoea bwawa huitazama bahari akidhani itabaki pale pale alipoikuta. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku inachelewa kwa takriban dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu tunapata bamvua: maji yanapanda sana na kushuka sana, tofauti ya zaidi ya mita tatu. Katika mwambao wa Dar es Salaam, siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Hebu fikiria maana yake. Unafika jioni, unafunga hema unapopapenda, unalala saa nne usiku bahari ikiwa imejitenga mbali kabisa. Saa kumi alfajiri, ukiwa kwenye usingizi mzito, iko mlangoni.

Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, mambo yanageuka. Ni maji mafu: hayapandi sana, hayashuki sana, na yanajaa mnamo saa nne asubuhi. Kwa familia yenye watoto hiyo ndiyo wikiendi ya kuchagua. Mnakunywa chai, mnaingia majini wakati jua halijawa kali na maji yako karibu, na usiku hema lenu halina wasiwasi. Huhitaji programu yoyote ya simu kujua haya. Tazama kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu: karibu na tarehe 1 na 15 ni bamvua, karibu na tarehe 7 na 22 ni maji mafu.

Ukifika, kabla hujafungua begi, tembea ufukweni utafute mistari ya mwani. Utaona mmoja mbichi, bado unanuka chumvi, wa maji ya leo. Panda juu zaidi utakuta mwingine mkavu, umechanganyika na vifuu, vijiti na vipande vya chupa za plastiki: huo ni wa bamvua iliyopita. Hema likae juu ya huo mkavu, pale majani yanayotambaa yanapoanza kuota mchangani. Na ukimpigia simu mwenye kambi, muulize hivi: “Bamvua ikija, maji yanafika wapi?” Anayekujibu “huku hayafiki, usijali” hajakujibu kitu. Anayekwambia “yanafika kwenye ule mvinje wa pili, mahema tunayaweka nyuma yake” huyo anaijua sehemu yake, na ndiye wa kumpa malipo ya awali.

Miti pia ina maana. Mnazi unapendeza kwenye picha lakini usilale chini ya mnazi wenye nazi. Mvinje unatoa kivuli na kuacha upepo upite, ila majani yake yaliyokauka yanashika moto upesi, kwa hiyo jiko la mkaa likae mbali. Mkungu ndio bora kwa kivuli cha mchana. Vigingi vyetu vya chuma, vinavyoshika vizuri ardhi ngumu ya Dodoma, mchangani vinachomoka kwa upepo wa kwanza. Chukua viroba vitupu vinne au sita, jaza mchanga, funga kamba ya hema katikati ya kiroba, kizike kina cha mkono hadi kwenye kiwiko, kisha kanyaga juu. Kusi livume litakavyo, hema halitikisiki.

Choo na maji ya kuoga sina maneno mengi. Visima vingi karibu na bahari vinatoa maji ya chumvi, kwa hiyo uliza kama bafuni kuna maji yasiyo na chumvi ya kutosha kundi lenu, na maji ya kunywa nunua njiani. Uliza taa za njia ya chooni. Uliza muziki unazimwa saa ngapi, hasa kambi iliyo pamoja na baa, kwa sababu Jumapili wenyeji wa jiji wanashuka kwa maelfu na wana haki yao ya kufurahi.

Wapi sasa? Kwa anayetoka Dodoma kwa treni na ana usiku mmoja au miwili, naisimamia Kigamboni. Stesheni ya Dar es Salaam iko mjini kati. Kutoka pale unachukua bajaji hadi Kivukoni, na soko la samaki la Feri liko hapo hapo kando ya pantoni. Unanunua changu au pweza, unavuka, na upande wa pili unatafuta usafiri wa Mjimwema au Gezaulole, au unaendelea kusini hadi Kimbiji kama unataka utulivu zaidi. Mkaa unapatikana kila mahali, usihangaike na mtungi wa gesi kwenye treni. Kama mnafika Ijumaa usiku, tafuteni kambi yenye vibanda pia, mlale kibandani usiku wa kwanza, hema mlifunge Jumamosi mkiona vizuri mstari wa mwani uko wapi.

Mwenye gari ana njia nyingine ambayo watu wa Dodoma hawaitumii vya kutosha: ukifika Chalinze usiendelee kwenda Dar es Salaam. Pinda kushoto, nenda Msata, kisha shika lami hadi Bagamoyo. Foleni ya jiji huionji kabisa. Bagamoyo ina magofu ya Kaole na Mji Mkongwe, na watoto watarudi na kitu cha kuhadithia shuleni. Kwa kuogelea pekee siiweki ya kwanza. Mto Ruvu unaingia baharini kaskazini tu ya mji, kwa hiyo wakati wa mvua maji huwa ya rangi ya tope, na yakipwa unatembea mbali sana mchangani kabla hayajafika magotini.

Kisiwa cha Mbudya, kilicho ndani ya hifadhi ya bahari, kina maji mazuri kuliko yote karibu na jiji. Unapanda boti Kunduchi. Lakini beba maji yako yote ya kunywa, na kwa mgeni wa bahari mwenye watoto wadogo naona ni pa kwenda mchana na kurudi. Ushongo kule Pangani na Hifadhi ya Taifa ya Saadani ni pazuri mno kupaendea mbio za wikiendi moja. Saadani wanyama wa porini wanashuka hadi ufukweni, na kwenye mchanga wa Madete kasa hutaga mayai, kwa hiyo tochi na moto vina masharti yake. Hizo ziwekee likizo ya wiki nzima.

Nimeacha jambo linaloniuma zaidi. Watoto wengi wa Dodoma hawajui kuogelea, na wazazi wao pia. Si kosa lao, mito yetu ni makorongo makavu sehemu kubwa ya mwaka. Lakini tunawapeleka baharini tukidhani kina kifupi ni usalama. Maji yanapopwa hukimbilia kwenye milango ya mwamba, yaani mapengo yake, na kutengeneza mkondo unaovuta kwenda nje, na mkondo huo humshinda hata mtu mzima mwenye nguvu. Chagua ufukwe wenye mwamba mbele unaovunja mawimbi, muulize mvuvi wa pale watoto wa kijijini wanaogelea sehemu gani, na wenu waogee hapo hapo, maji yakiwa yanajaa, mtu mzima mmoja akiwa amesimama ndani ya maji bila simu mkononi. Fukwe zetu nyingi hazina waokoaji. Ukipata kambi iliyoajiri mwokoaji, ilipe hata kama bei imezidi, na uwaambie wengine.

Kuna ndugu zangu watakaosema bahari bado ni gharama, twendeni kwenye mabwawa ya Hombolo au Mtera. Kukaa kando ya maji, kuchoma nyama, kutazama ndege, sawa kabisa. Kuoga hapana. Mtera kuna mamba na viboko, na maji yaliyotuama ya mabwawa yanaweza kuwa na kichocho. Hema likae mbali na ukingo, kwa sababu kiboko hutoka usiku kula majani. Samaki wa Mtera nunueni barabarani wakaangwe wakiwa wabichi, muwale pale pale, na watoto wasiteremke majini hata kunawa miguu.